Kivuli cha Bodi Kipofu

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, na shahidi wangu ni boga.

Boga lenyewe lilikuwa limevalishwa kofia ya sufu ya mtoto mchanga na kulazwa ndani ya kiota. Kiota ndilo jina tunalokiita kitanda cha kupashia joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na zahanati yetu ya Lwangu ilikuwa nacho kimoja tu, kibovu, ambacho mimi nilikuwa nimejigamba kwamba nitakifufua. Nilikuwa nimepiga pasi shati. Nilikuwa nimemwambia Nesi Tusekile Ndelwa asogee karibu, asije akasimuliwa na wengine. Nikabonyeza swichi. Taa ya kijani ikawaka, feni ikaanza kuvuma taratibu, boga likatulia kama mgeni rasmi anayesubiri kukaribishwa. Mimi nikakunja mikono kifuani.

Halafu ikaja harufu.

Kila fundi wa bodi, vile vibao vya saketi za umeme, anaijua. Ni kali, ina utamu kidogo ndani yake, inapita puani na kwenda kukaa nyuma ya macho.

"Fundi Obedi," Tusekile akasema, "boga linaiva."

"Si boga, Sista."

"Basi anayeiva ni wewe."

Alichomoa waya kwa mguu, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imekumbatia kifua chake. Ndani ya sweta lake la kazi, ngozi kwa ngozi, alikuwa amemfunga kwa khanga mtoto wa Atuganile Mbwilo, binti wa miezi saba tumboni, mzito kama mfuko wa sukari wa kilo moja na mwekundu kama nyanya mbivu. Mama yake alikuwa kitanda cha pembeni, homa ya uzazi imemkamata, mara anawaka, mara anatetemeka mpaka chaga zinalia. Kifua cha namna hiyo hakifai kumlaza mtoto. Kwa hiyo vifua vilivyobaki vilikuwa vya manesi, na manesi walikuwa wawili. Huko nje sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imelala juu ya viazi, nyeupe, mpaka saa tatu asubuhi. Tulikuwa mwanzo tu wa kipupwe.

Nilipiga magoti nikafungua boksi la chini ya kitanda. Njia ya shaba ya kupeleka umeme kwenye hita ilikuwa imekatika katikati, ncha zake mbili nyeusi kama utambi.

Tusekile akainama juu yangu, mkono mmoja nyuma ya kichwa cha mtoto. "Hiyo iliyokatika ndiyo inalisha hita?"

"Ndiyo."

"Mbona nyembamba hivyo? Na hii nene ya pembeni, ya nini?"

"Hiyo inapeleka amri. Inaiambia hita washa, inaiambia zima."

"Amri inakula umeme mwingi?"

Nikajua ninakopelekwa, lakini hapakuwa na pa kugeukia. "Kidogo sana, Sista. Umeme wa kumtosha sisimizi."

"Kwa hiyo sisimizi umemjengea barabara ya lami, tembo umempitisha juu ya uzi."

Atuganile, kutoka kwenye homa yake, alicheka. Kicheko kikavu, kifupi, lakini kilikuwa cha kwanza tangu ajifungue, na nilikipokea kama malipo. Kisha akauliza, "Kama ndani angekuwa mwanangu?" na hakuna aliyecheka tena.

*

Sikuchora vile kwa kutojua hesabu. Hesabu naijua. Ampea tano zikipita kwenye shaba ya unene wa kawaida zinataka njia ya upana wa karibu milimita tatu, isiyopata joto la kusumbua. Mimi nilikuwa nimeipa robo milimita. Mkono ulichora wenyewe, na mkono wangu ulifundishwa na ukuta.

Ukuta ni ule wa ofisi ya kata, uliopakwa chokaa upande wa mashariki. Bodi yoyote itakayoachwa kufanya kazi ndani ya nyumba ya Lwangu, iwe ya kengele ya mlango au ya pampu ya kisima, lazima kwanza isomwe pale. Jua likishapanda, msomaji anaiweka bodi tupu, isiyo na kifaa kilicholehemiwa juu yake, kati ya kioo cha kurudisha mwanga na lenzi kubwa iliyotolewa kwenye darubini ya zamani. Ubao wenyewe unapitisha mwanga, shaba haipitishi. Kivuli cha kila njia kinaruka mpaka ukutani, kikubwa kama mlango, na mtu yeyote ana haki ya kunyoosha kidole na kuuliza, "Hii inakwenda wapi?" Usipoweza kujibu, bodi inavunjwa pale pale.

Watu huuliza kuhusu amri. Nani anaiambia mashine iwashe, nani anaiambia izime, neno linaingilia wapi. Umeme wa kawaida hakuna anayeuuliza. Basi miaka yote sisi mafundi tumechora njia za amri nene, zionekane na bibi aliyekaa mstari wa nyuma, na njia za umeme tukazibana zikawa nyuzi. Kwa kengele ya mlango haidhuru. Hata wanafunzi tumewafundisha hivyo. Hita ya kiota ndiyo ilikuwa mzigo mkubwa wa kwanza kupita kwenye mkono wangu, na mkono ukachora kwa ajili ya macho, ukasahau joto.

Sababu ya ukuta kila mtu anaijua, hata waliozaliwa baadaye. Ni Mwaka wa Sakitu. Wakati huo hita zote za mji, za majumbani na za zahanati, zilikuwa na bodi za tabaka nne: shaba juu, shaba chini, na tabaka mbili zimezikwa katikati ambazo jicho haliwezi kuzifikia. Ndani ya moja ya hizo palikuwa na njia iliyosikiliza amri kutoka mbali, kwa wenye mitambo. Usiku mmoja wa kipupwe umeme ulipungua huko mbali, na amri ikaja. Hita zikazima. Vioo vya kuonyesha joto havikuzima. Viliendelea kuandika thelathini na sita, thelathini na sita, mpaka asubuhi. Wodi ya wazazi ilikuwa na viota vinne. Nisiendelee.

Tangu hapo, tabaka mbili, basi. Ya zaidi ya hapo tunaiita bodi kipofu.

Nilirudi karakana nikachora upya. Njia ya hita nikaipa milimita tatu, juu, ipate hewa. Ilikula theluthi ya bodi, na boksi la chini ya kiota ni dogo kama kopo la chai. Njia za amri nikazikondesha. Upande wa chini nikaweka wavu wa shaba, maana shaba iliyojaa bila matundu ingezuia mwanga na kusomeka ukutani kama uwongo. Nikafunga kila kitu, nikalirudisha boga kazini.

Hakuna harufu. Shaba ilikuwa vuguvugu tu chini ya kidole. Nikaangalia kihisi joto, kile kidude kinacholala karibu na mtoto na kuiambia bodi hali ilivyo.

Kihisi kilikuwa kinacheza. Kila hita ilipowaka, namba iliruka juu digrii moja na nusu, ikizima, inaporomoka. Boga halikuwa limebadilika hata kidogo. Kelele, yaani mtikisiko wa umeme wa zile ampea tano, ilikuwa inamwagika kwenye njia ya kihisi iliyopita jirani yake, na wavu hauwezi kumeza kelele kama shaba iliyojaa. Nikazisogeza njia, nikazipindisha. Nikaichelewesha mashine isiamini namba mpaka ione wastani wa dakika kadhaa. Kucheza kukapungua. Lakini mashine inayochelewa kuamini inachelewa pia kushtuka: kama mtoto angeanza kupoa kweli, ingegundua wakati nesi angekuwa ameshagundua kwa mkono.

Dawa niliijua. Tabaka nne. Shaba iliyojaa katikati, tulivu, kelele yote inazama humo. Ni jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huko bondeni angelifanya bila kufikiri.

Nilituma michoro miwili kwenye kiwanda cha bondeni, wa tabaka mbili na wa tabaka nne. Wa pili nilijiambia ni wa kujifunzia. Ndege ya posta, ile isiyo na rubani, ikazidondosha bodi zote mbili katika bahasha moja kwenye bati la karakana. Niliifunga ile ya tabaka nne kwenye kiota, nikalilaza boga, nikatazama namba.

Thelathini na sita nukta tano. Ikakaa. Nikaenda kunywa chai, nikarudi. Thelathini na sita nukta tano. Nikafungua dirisha, baridi ikaingia kama mdai aliyeitwa. Hita ikawaka, ikazima, namba haikutikisika.

Tusekile alikuwa amesimama mlangoni, sweta limetuna kifuani. Macho yake yalikuwa yamezama kwa kukosa usingizi.

"Ndiyo hiyo?" akauliza.

"Ndiyo hiyo. Lakini ni kipofu."

Chini ya sweta mtoto alitoa sauti ndogo, kama mlango usiotiwa mafuta.

"Jana amepungua tena," akasema. "Mimi nimeanza kukohoa, Fundi. Mwenzangu ana wagonjwa wa kuzaa watatu. Nimewaza niwaite akina mama wa mtaani wampokezane, lakini msimu huu kila kifua kina mafua yake, na huyu mafua yatamwondoa." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Boksi liko chini ya kitanda. Nani anafungua boksi? Peleka ile ya tabaka mbili ukutani, waisome, wapige makofi. Hii iache hapa ilipo."

"Unaniambia niwadanganye?"

"Nakuambia umlaze mtoto. Kudanganya nitadanganya mimi."

"Sista, ndani yake hamna kitu kibaya. Nimeichora mwenyewe. Ni shaba tupu."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba."

Huo ndio ulikuwa ugumu wake. Kama ingekuwa bodi ya mwizi, ningeivunja kwa nyundo huku naimba. Ilikuwa bodi safi, bora kuliko zote nilizowahi kuchora, na ilitaka kitu kimoja tu: nisimwambie mtu. Nikaitazama namba iliyotulia pale kwenye kioo. Thelathini na sita nukta tano. Nikakumbuka kwamba hata ule usiku namba zilitulia vizuri.

Niliichomoa. Tusekile hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alifunga vizuri vifungo vya sweta lake.

"Kesho nazivua vifaa, nazipeleka zote mbili ukutani," nikasema. "Nitawaambia ukweli wote."

"Zipeleke," akajibu. "Na mimi nitampeleka huyu."

*

"Kamwene!" akaita Mama Yunisi Tweve, na uwanja wa ofisi ya kata ukaitikia salamu.

Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa mwaka ule. Msomaji huchaguliwa kwa kura ya kokoto, hatakiwi kuwa fundi. Anatakiwa kuwa na macho na subira. Mama Yunisi anafuma. Ile kofia ya boga ilitoka mikononi mwake, na kila mtoto anayezaliwa Lwangu anapata moja bila kuomba. Alikuwa na viota vyake katika Mwaka wa Sakitu, yaani watoto wake pacha walilala katika viwili kati ya vile vinne. Halisemi jambo hilo, na sisi hatumuulizi.

Akaweka bodi ya kwanza mbele ya lenzi. Kivuli kikaruka ukutani.

"Hii nene kama mtaro ni nini, mwanangu? Unachimba kisima?"

Watu wakacheka. "Ni njia ya hita, Mama. Ilikuwa nyembamba, ikaungua."

"Tulisikia. Boga linakusalimu." Wakacheka zaidi. Akaigeuza bodi, akahakikisha chini ya ule mtaro hakuna kilichojificha. Wakauliza kuhusu kila njia, nikajibu. Alipomaliza akasema imesomeka.

"Imesomeka, lakini haitulii," nikasema, na nikawaeleza kila kitu: namba inayocheza, mashine inayochelewa kushtuka. Kisha nikatoa bodi ya pili mfukoni. "Hii inatulia. Nimeileta muione."

Mama Yunisi aliipokea, akaipindua mara moja, na uso wake ukabadilika. Hata hivyo akaiweka mbele ya lenzi.

Ukutani pakatokea mstatili mweusi. Hapakuwa na njia wala tundu, ni weusi tu, mkubwa kama mlango uliofungwa. Wazee kadhaa walirudi nyuma hatua moja. Mtu mmoja alivua kofia, sijui kwa nini, labda naye hakujua.

"Ndani kuna nini?" Mama Yunisi akauliza.

"Shaba iliyojaa, ya kumeza kelele. Na umeme wa kihisi. Basi. Nimeichora mwenyewe, Mama."

"Nakuamini."

"Basi..."

"Nakuamini wewe, Obedi. Nimemjua mama yako, nakujua hata kwa makosa yako, ya juzi yalinuka mtaa mzima. Simwamini atakayekuja baada yako, akiwa na bodi nyeusi kama hii na maneno mazuri kama haya. Nitamwambia nini? Kwamba ya Obedi tuliipitisha kwa sababu ana sura ya huruma?"

Tusekile akajipenyeza mpaka mbele. Alifungua kifungo cha juu cha sweta, na kikatokea kichwa kidogo chenye kofia ya sufu, cha ukubwa wa chungwa.

"Huyu hana habari na Mwaka wa Sakitu," akasema. "Hajui ukuta, hajui sheria. Anajua joto. Mama Yunisi, nakuheshimu, na ninajua unachokiona pale ukutani. Lakini mimi namwona huyu."

Mama Yunisi alimtazama mtoto. Nilidhani atalia, na kama angelia nadhani bodi kipofu ingepita, maana uwanja mzima ulikuwa unamsubiri yeye. Hakulia. Aliinyoosha ile kofia iliyokuwa imeteleza, akaifunika sikio la mtoto.

"Mimi pia namwona," akasema. "Na nawaona wengine." Akaitoa bodi kwenye lenzi. Weusi ukaondoka ukutani, chokaa ikarudi. Akaivunja juu ya goti lake, na mlio wake niliusikia mpaka kwenye meno.

Mwenyekiti wa kata, Mzee Chaula, alikohoa kwa cheo. Alikuwa amevaa koti rasmi. "Basi, ndugu zangu, sheria yetu imesimama. Bodi ya tabaka mbili imepita. Tunampongeza fundi kwa ukweli wake. Sasa tunaweza kutawanyika."

"Bado, Mwenyekiti," Tusekile akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Bodi mliyoipitisha inacheza. Ili mtoto awe salama ndani yake, kila robo saa mtu lazima aweke mkono pale, aweke na kipimajoto cha kawaida, alinganishe. Mchana na usiku, mpaka afikishe uzito. Tuko wawili, na mimi ni mgonjwa. Mmesoma bodi vizuri sana. Kipimajoto nani atasoma?"

Niliona watu wakitazama viatu vyao, na mimi nilikuwa mmoja wao.

"Sista, tuelewane," Mzee Chaula akasema kwa upole wa mkutanoni. "Kila mtu ana sehemu yake. Kazi ya raia ni kusoma bodi, na leo tumeisoma. Kumwangalia mtoto aliye wodini, hiyo ni kazi ya manesi."

Mama Yunisi alikuwa anafuta lenzi kwa pindo la khanga. Hakuinua kichwa.

"Mwaka ule nao tuliwaachia manesi, Mwenyekiti, na ndiyo sababu nafuma kofia za watoto wa wenzangu. Zamu ya kwanza ya kipimajoto ni yako. Njoo na blanketi."